Koti Juu ya Waya

Ukitaka kununua winchi, ile mashine ya waya ya kulikwamulia gari matopeni, kwa Fundi Mizani, jiandae kwanza kutolewa jasho. Gari lako lina uzito gani? Ukimjibu tani mbili na nusu, kama kadi ya gari inavyosema, atakukazia macho mpaka ujione huna akili. "Hiyo ni kadi. Mimi nakuuliza gari. Na mafuta yake, na tairi la akiba, na mzigo, na wewe mwenyewe na hicho kitambi chako." Kisha atakufukuza uende ukapime kwenye mizani ya barabara kuu, gari likiwa limejaa, urudi na karatasi. Huna karatasi, huuziwi kitu, hata ulie machozi ya damu.

Wateja wengi waliondoka wakisonya. Mafundi wa gereji za jirani walivunjika mbavu kwa kumcheka, na hilo jina la Mizani wakampa wao. Hakuna aliyewahi kumuuliza huo ukorofi aliuanza lini. Angeulizwa angepata shida, maana aliuanza miaka miwili iliyopita, wiki moja tu baada ya kumzika shemeji yake.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa, ingawa kusema kweli inanichefua. Fundi huyu ana dada mmoja tu, mdogo wake, aliyemlea mwenyewe wazazi wao walipofariki. Dada akaolewa na dereva mmoja mcheshi, mwenye kilori cha porini cha kuvuta magurudumu yote manne, aliyekuwa akipeleka saruji na mabati kule ambako lami haijafika. Siku moja shemeji akaja gereji kutafuta winchi ya kujikwamulia kwenye matope. Siku hiyo gereji ilijaa watu hadi mlangoni. "Chagua wewe, shemeji, mimi najua nini?" Fundi akachungulia kadi, akaona tani mbili na nusu, akazidisha kwa moja na nusu kama kanuni ya kazi inavyotaka, akamfungia winchi ya tani nne. Sasa, kadi husema uzito wa gari tupu. Hilo hata anayejifunza kushika spana analijua, na yeye alilijua. Lakini alikuwa na haraka, na aliyekuja alikuwa mtu wa nyumbani, wa kumalizana naye chapuchapu.

Mwezi haukuisha, shemeji akarudi. "Hiki kitu chako kinalia kama mgonjwa wa meno!" Fundi alikuwa mvunguni mwa gari la mteja mwingine, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Hakujisumbua kutoka.

"Kipya hicho. Kitazoea," alijibu kutoka hukohuko.

Hakikuzoea. Waya mwembamba ukivutishwa kila wiki kupita uwezo wake, nyuzi zake hukatika mojamoja bila mtu kujua. Msimu wa mvua, lori likiwa limezama na shehena nzima ya saruji, waya ulikatika wote na kumrudia shemeji shingoni. Alikuwa peke yake. Wapita njia walimkuta ameshakata roho.

Wenye magari ya porini wana utaratibu wao. Kabla ya kuvuta, unatandaza kitu kizito juu ya waya, koti au blanketi, ili ukikatika uanguke chini badala ya kuruka. Basi mtu akiuawa na waya, swali la kwanza ni hilohilo. Msibani wakamuuliza fundi, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kulivuta lori: je, marehemu aliweka koti?

"Sikuliona," akasema.

Mwongo mkubwa! Alikuwa ameliopoa matopeni kwa mikono yake mwenyewe, limepasuka karibu vipande viwili, lina mstari mweusi wa grisi katikati. Alilikunja akalificha chini kabisa ya sanduku la spana. Angesema lilikuwepo, wangeuliza kwa nini basi waya ulikatika kwa nguvu hadi kulipasua, na baada ya hapo wangeuliza nani alichagua winchi. Kwa neno hilo moja marehemu akageuka mzembe. Mama yake mzazi alilia akimlaumu, majirani wakatikisa vichwa, na watoto wake wakakua wakisikia hivyo hivyo. Fundi alikuwa anakaa nao sebuleni, anasikia, anatazama viatu vyake.

Leo asubuhi dada mtu akaingia gereji na lori lilelile. Tangu afiwe, ameshika usukani mwenyewe, mikono imemkomaa kuliko ya kaka yake. Akashuka na karatasi ya mizani.

"Usinifukuze, kaka. Nimeshapima. Tani nne na pointi sita, limejaa. Wiki iliyopita nimelala matopeni siku mbili, nimechoka kuomba watu wanisukume. Nataka winchi."

Fundi akaipokea karatasi. Mzigo ulikuwa uleule wa marehemu, saruji ileile.

"Unahitaji ya tani saba," alisema. "Na waya mnene."

"Wewe ndiye unayejua. Nimeambiwa kuna maduka mjini ya bei poa, nikasema hapana, mimi winchi yangu atachagua kaka yangu." Akafungua mlango wa lori, akatoa blanketi jipya, zito, bado limo kwenye nailoni. "Na hili hapa la kuweka juu ya waya. Nimewaapia wanangu kwamba mimi sitakuwa mzembe kama baba yao."

Alisema kwa furaha kidogo, kama mtu anayeonyesha amejipanga. Fundi alitaka kusema sawa. Neno lilikuwa mdomoni tayari, na angelisema yangekwisha hapo, dada angeondoka na winchi nzuri na kaka mzuri. Lakini aliliona lile blanketi kwenye nailoni yake akashindwa.

Akaenda kwenye sanduku, akainua spana safu moja baada ya nyingine, akatoa koti.

Dada alilitazama tu. Lilikuwa la kaki, limekakamaa kwa tope, na kifungo cha pili kilikuwa cheupe, cha shati, alichokishona yeye mwenyewe pale cha asili kilipopotea.

"Alikuwa ameliweka," fundi alisema. "Lilikuwa juu ya waya. Hakuwa mzembe. Winchi ndiyo ilikuwa ndogo. Nilisoma kadi. Alikuja kuniambia inalia, sikutoka hata mvunguni."

Akangoja kofi. Angelipokea, tena angeshukuru.

"Ulikuwa nalo," dada alisema polepole. "Msibani ulikuwa nalo."

"Nilikuwa nalo."

"Miaka miwili nakwenda kaburini kwake kumgombeza, kaka. Namwambia, koti tu, baba watoto, koti tu lingekushinda nini?" Akakaa kwenye tairi kuukuu, koti mapajani, akawa anakwangua tope kwenye kile kifungo kwa ukucha. Alilia kidogo, akajifuta kwa mkono.

"Nitawaambia wote," fundi alisema. "Leo hii. Mama yake, watoto, kila mtu."

"Watoto nitawaambia mwenyewe. Wewe funga winchi. Nina saruji ya watu."

Akafunga. Alikaza kila bolti mara mbili, akasukasuka, akakaza tena. Kila mara alipoinua macho, dada alikuwa amemwekea kisogo. Alipomaliza, dada alikuja akakagua mwenyewe, bolti kwa bolti, akasoma maandishi kwenye winchi kwa sauti, akalinganisha na karatasi yake. Zamani hakuwahi kukagua kazi ya huyu mtu.

Kisha akapanda, akalilaza koti kwenye kiti cha abiria, akawasha.

"Loo, Mizani kauza winchi leo!" jirani mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Jamani, mvua itanyesha!" Wakacheka.

Fundi alisogea mpaka dirishani. Alitaka tu aitwe kaka. Tangu mdogo wake ajifunze kutamka hadi leo asubuhi, hajawahi kumwita jina jingine lolote.

Dada aliingiza gia, akatazama mbele.

"Asante, fundi," alisema, akaondoka.