Hujaji Aliyekataa Machenza

Tangu aolewe katika nyumba ya akina Kijima, Tazuko hakuwahi kuona hujaji akipita langoni mikono mitupu. Njia ya mahekalu themanini na nane ya kisiwa cha Shikoku inapita ubavuni mwa ukuta wao, na mama mkwe alimfunza mapema: aliyevaa nguo nyeupe hupewa, naye hakatai, kwa kuwa kila hujaji hutembea na Mtakatifu, mtawa wa kale aliyeianzisha njia hiyo, na kukataa ni kumkatalia yeye. Hata mumewe alipofariki, Mwalimu Tazuko, aliyesomesha nusu ya kijiji, hakuliacha benchi la langoni na kikapu chake cha machenza. Watu walisema nyumba ile ina heshima zake. Naye alihakikisha wanaendelea kusema hivyo.

Asubuhi hiyo waliotarajiwa walikuwa wanafunzi wa chuo, mjukuu wake wa kike, Minori, akiwa mmoja wao. Walikuwa wakizunguka kisiwa kizima kwa miguu kuchangisha fedha za wazee waliotengwa tangu ujana kwa sababu ya ukoma, ili walipiwe safari ya kwenda kuona walikozaliwa kabla ya kufa. Zamani wagonjwa wengine walivishwa nguo nyeupe na ndugu zao wenyewe, wakatolewa njiani wazunguke mahekalu mpaka wafe. Kila mwanafunzi alibeba jina la mmoja wa hao waliotolewa, na kila walipotoka katika kijiji walilitaja kwa sauti. Minori peke yake hakuwa na jina. Babu yake, akiwa mahututi, alimnong'oneza kwamba shangazi yake yeye babu alitolewa hivyo kwa mlango wa nyuma, lakini jina hakulitaja. Minori alipompigia bibi yake simu kumuuliza, Tazuko alikata simu. Jina alilijua.

"Mwalimu, hao wanakuja!" alisema Bi Onishi, jirani aliyekuja kusaidia kugawa chai. Huyu ndiye aliyekuwa akishughulikia posa ya kaka yake Minori, na hakuna neno lililompita; na ukoo uliojulikana kuwa na ukoma haukupata wachumba. "Tazama wanavyochechemea! Enyi miguu laini kama tofu, mmeanza jana?"

"Wiki ya pili hii, mama," alijibu kijana mmoja. "Tofu imeshakuwa uji."

Wakacheka, wakajitupa kwenye benchi na kuanza kumenya machenza. Minori hakuketi. Jua lilikuwa limemuunguza pua. Tazuko alimnyooshea machenza mawili kwa mikono yote miwili, kama ambavyo angemnyooshea mgeni yeyote.

"Karibu, hujaji."

"Machenza sitaki, Bibi. Nipe jina."

"Hujaji haombi. Hupewa."

"Basi nipe."

"Punguza sauti," Tazuko alisema, meno yamekutana. "Kaka yako anataka kuoa. Umemfikiria?"

"Nimemfikiria. Kaka ana jina lake."

Minori akainama kwa adabu, akageuka, akaondoka. Yule kijana aliacha kumenya. Bi Onishi alisimama na birika mkononi.

"Amekataa? Mwalimu, mjukuu wako mwenyewe, kwenye lango lenu?"

Langoni pale hata walevi walipokea walichopewa. Hata wezi waliojificha ndani ya nguo nyeupe walipokea. Tazuko aliyashika yale machenza akatoka na kandambili zake za bustanini, akamkuta Minori darajani, fimbo ameiinua isigonge mbao, maana yasemwa Mtakatifu aliwahi kulala chini ya daraja.

"Mwiko wa daraja unaujua," Tazuko alisema, akihema. "Wa kupokea umeusahau?"

Minori aliendelea kuishikilia fimbo juu.

"Sayo," Tazuko akasema.

"Sayo nani?"

"Sayo. Yatosha."

"Kule walikofungiwa wagonjwa, walibadilishwa hata majina ya ukoo, Bibi. Na sisi pia tumnyang'anye lake?"

"Babu yako aliniapisha nisilitaje, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo. Nimekwisha kukivunja nusu. Pokea."

Minori akaiweka fimbo kwapani. Kisha akayapokea machenza kwa mikono miwili. Ahsante hakusema.

Tazuko aliporudi, wanafunzi walikuwa wanajifunga mikoba. Aliketi, akajipangusa jasho. Wakaaga, wakaenda, na punde sauti zikaanza kupanda kutoka upande wa daraja, jina moja baada ya jingine, na ya mwisho ilikuwa ya msichana: "Sayo!"

"Sayo ndiye nani?" aliuliza Bi Onishi, akijimiminia chai.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Sayo ni hujaji fulani wa kale, mtu wa mbali, nani anayejua. Tazuko alinyoosha aproni yake magotini.

"Ni wa kwetu," alisema.

"Wa kwenu? Wa wapi?"

"Kijima Sayo. Dada yake baba mkwe wangu."

Bi Onishi alikitua kikombe, chai imejaa pomoni. Akakumbuka ameacha nguo kambani. Mvua ikinyesha je? Anga halikuwa na wingu hata moja. Akaaga kwa kuinama sana, kuliko ilivyo desturi ya majirani, akashika njia.

Tazuko hakumwita. Alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia mjukuu wake wa kiume, yule aliyetaka kuoa, kabla mtu mwingine hajamwambia.