Mitungi Iliyochubua Migongo

Siku moja ya ujana wangu huko Gatuanyaga siisahau, mwanangu, na nikiikumbuka bado naona haya. Nilikuwa nimejifunza ufundi wa bati mjini Thika, nikaacha kazi ya mkonge, na kichwa kilikuwa kimenivimba kweli kweli. Bati lote nililokuwa nalo nililimaliza kwa mitungi ya maji: ya pembe nne, inang'aa, mishikio mikubwa juu. Isipouzika, ningerudi kukata mkonge wa mzungu.

Kina mama wachache walinunua, shangazi yangu Wambui akiwa wa kwanza. Siku ya soko iliyofuata hakuna aliyesimama kwangu. Nikakasirika. Nikasema hawa hawajui kitu kizuri, kumbe ni ujinga wangu tu wa ujana.

Jioni shangazi akaja. Hata salamu hakunipa. Aliteremsha nguo begani akanigeuzia mgongo. Ngai! Ulikuwa umechubuka wote, pembe ya mtungi imechimba hadi damu.

"Sisi hubeba maji wapi?" akaniuliza.

"Mgongoni, tata," nikamjibu, maana kwetu shangazi huitwa tata. "Kwa ukanda wa kichwani."

"Na wewe ulibebwa na mgongo huu huu. Ulidhani ni wa chuma?"

Nililia, sikufichi. Nilikuwa nimeiga mitungi ya mjini, ya kubebwa kwa mkono. Nilidhani atanitukana, lakini alikaa chini, akachukua kipande cha mkaa akanichorea mtungi: ubavu mmoja uliolala mgongoni, shingo nyembamba maji yasimwagike mbebaji akiinama, na mahali pa kupitisha ukanda.

Nikaifumua mitungi yote iliyobaki, nikaunda mmoja upya. Nilipompelekea akakataa kuupokea. "Ubebe wewe kwanza."

Haiya! Mwanamume na ukanda kichwani! Nilipanda kutoka mtoni wanaume wakinicheka hadi wanashika mbavu. Shangazi alikuwa nyuma yangu, hacheki.

"Unakuuma wapi?"

"Hapa, chini ya bega."

"Basi bado haujaisha."

Niliubeba mara tatu, kila mara nikiurekebisha, mpaka ukaacha kuuma. Kina mama wakainunua ya namna hiyo, na kwenye mkonge sikurudi tena.

Kwa hivyo wewe unayetaka kuwatengenezea watu vitu, usikate bati kabla hujaongea na atakayekitumia kitu hicho. Mwone akifanya kazi yake. Kisha kitumie mwenyewe, hata ukichekwa. Ukingoja malalamiko, utakuwa umeshaumiza mtu, na pengine ni mtu aliyenunua kwa sababu anakupenda.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na asikuache ukose mtu wa kukuonyesha mgongo wake.