Mama Majiko Anaitafuta Sauti ya Mama Yake

Saa mbili asubuhi. Ofisini hamna mtu ila yeye na mfagizi. Anaandika amri moja kwenye dirisha jeusi la kompyuta, anagonga kitufe, anangoja. Maandishi mekundu ya makosa yanamiminika. Anasonya.

"Bado. Twende tena."

Wenzake humwita Mama Majiko. Ana miaka arobaini na moja, na kazi yake ni kuandaa mazingira ya miradi katika kampuni inayofundisha kompyuta kuelewa usemi wa watu. Jina alijitafutia mwenyewe kwa maelezo yake: "Kila mradi una jiko lake, vyombo vyake, chumvi yake. Ukibadilisha sufuria tu, chakula kimeharibika." Vyombo hivyo ni programu ndogondogo, mamia kwa mamia, kila moja na toleo lake.

Jiko alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kuwasemea watu waliopigwa na kiharusi, ambao usemi wao haueleweki tena. Mama yake mzazi ni mmoja wao. Bi mkubwa alikuwa akinung'unika kwenye simu, na simu ikiyatamka maneno yake yakaeleweka.

"Siku ya kwanza alinigombeza kwa kutochana nywele," anasema, akicheka. "Nililia kwa furaha."

Kisha mkuu wake akaagiza majiko yote yawekewe matoleo mapya kwa mkupuo. Desturi ya kazi ni kuhifadhi kwanza orodha ya matoleo ya zamani, ili mambo yakienda mrama urudi ulikotoka. Alimkumbusha mkuu wake, naye akamkatiza.

"Dada, usinipotezee muda. Weka mapya."

Akaweka. Tangu hapo simu ya bi mkubwa inabwabwaja, na hakuna anayejua jiko la zamani lilikuwa na nini hasa. Mkuu anasema mradi wenyewe haukuwa na faida, uachwe ufe. Ubaya ulioje!

"Yeye aliagiza, sawa. Lakini mkono ulioandika amri ni wangu. Majuto ni mjukuu, na huyu nalala naye kitanda kimoja."

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla wenzake hawajaingia, hujaribu matoleo ya zamani, bandika bandua. Nyumbani bi mkubwa haigusi tena ile simu.

"Jana alinishika mkono, akasema jambo refu, machozi yanamtoka. Nikamjibu, ndiyo, mama. Sijui nimekubali nini." Anaugeukia uso wa kompyuta. "Jiko lile likirudi, hata kwa siku moja, nitamwomba arudie."