X Inayokataa

Pedi sita za kuchezea gemu zilifika kwenye meza yangu ya ufundi Jumatatu zikiwa ndani ya ndoo tupu ya rangi. Mwenye ndoo ni mfugaji wa Kisukuma aliyeuza ng'ombe kadhaa akafungua banda la gemu nyuma ya soko, hapa Ifakara. Mashine zake ni za zamani, mitumba kutoka Japani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Hizi zote zina ugonjwa mmoja. Kitufe cha X kinakataa. Ukibonyeza ndiyo, mashine inakurudisha nyuma."

Jumamosi saa nane mchana alikuwa na ligi. Vijana walishajiandikisha, wengine wa kutoka kijiji cha Kisawasawa. Pedi zisipopona, wangehamia banda la stendi, na mimi ningebaki yule msichana mwenye shahada ya fizikia aliyeshindwa na plastiki.

Sikuwa na wasiwasi. Chini ya vitufe vya pedi kuna raba laini, na chini ya kila kitufe raba hiyo ina doa jeusi la kaboni. Ukibonyeza, doa linagusa sakiti na mashine inapata habari. Vumbi la mashine za mpunga likichanganyika na jasho la vidole, habari haifiki. Mafundi wengi hapa huosha raba kwa petroli. Niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini, akanijibu kwamba ndivyo walivyomkuta mwenzao akifanya. Petroli huvimbisha raba. Mimi hutumia spiriti na pamba kwenye kijiti, kwa sababu nimejaribu vyote viwili.

Nikafungua zote sita, nikasafisha, nikapeleka Jumatano. X ikakataa. Alhamisi nikazifungua tena, nikasugua kwa nguvu zaidi. Ikakataa. Ijumaa nikabeba pedi yangu mwenyewe, ninayochezea nyumbani na ambayo haijawahi kunisumbua, nikaichomeka kwenye mashine yake. Nikabonyeza X. Skrini ikarudi nyuma.

"Dada fundi, na wewe umeambukizwa!" akapiga kelele kijana mmoja mrefu aliyekuwa kwenye benchi. "Kakae karantini!"

Banda zima likacheka. Mimi nikabonyeza vitufe vingine, kimoja kimoja. Nilipofika kwenye kitufe cha duara, menyu ikafunguka. Nikarudia kwa pedi ya kwenye ndoo: X inarudisha, duara inaingiza. Nikaishika nyingine. Vilevile.

"Hakuna ugonjwa," nikasema. "X ndiyo hapana. Duara ndiyo ndiyo."

"Fundi kashindwa, sasa anabadilisha sheria!" akasema yule mrefu.

"Nani alikwambia X ni ndiyo?"

"Kila mtu anajua."

Mwenye banda akakohoa. "Kule nilikohama, walipotaka kupanua barabara, walikuja na rangi nyekundu wakaniwekea X kwenye ukuta wa nyumba. Sikudhani hata siku moja kwamba wamenikubali."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shuleni, mwalimu wa Japani akiona jibu sahihi analizungushia duara. Mashine hizi zilitengenezwa zitumike kwao. Zilizouzwa nchi nyingine zikageuzwa, sisi tukazizoea hizo, tukasahau kwamba hata kwenye madaftari yetu X ilikuwa kosa. Na mimi, ninayemhoji mtu akisema leo itanyesha, nilihoji petroli, raba na vumbi, lakini neno "ugonjwa" nililipokea kama lilivyo.

Jumamosi asubuhi nikarudi kujaribu pedi zote ndani ya mechi yenyewe, ambako X hutoa pasi. Tano zikatoa. Ya sita, kimya. Nikaifungua pale pale: doa jeusi halikuwepo. Nililisugua Alhamisi likaisha.

Saa tano ilishapita. Nikakimbia kuchukua rimoti iliyokufa ya televisheni, nikakata doa moja kwenye raba yake kwa wembe, nikalibandika kwa tone la gundi lililochukuliwa kwa ncha ya pini. Ukizidisha gundi, umeua na kitufe cha jirani. Nikaacha ikauke, nikafunga skrubu, nikabonyeza. Pasi ikatoka. Nikabonyeza tena, mara nyingi, haraka haraka. Zote zikatoka.

"Hii niliiharibu mimi, baba," nikamwambia mwenye banda. "Ilikuja nzima."

Akaigeuzageuza mkononi. "Imepona?"

"Imepona."

"Basi ifungue ligi. Ikikataa, watu wakuone."

Saa nane mwenye banda alimkabidhi pedi hiyo yule kijana mrefu. Kwa mazoea kidole gumba chake kikaenda kwenye X, skrini ikarudi nyuma, na banda zima, pamoja na wa Kisawasawa waliofundishwa mlangoni, likapaza sauti: "Duara!" Akabonyeza duara. Mechi ikaanza. Nilisimama nyuma ya benchi nikikitazama kile kidole, sikuutazama mpira, mpaka filimbi ya mwisho. Alifungwa tatu bila, na hakuna pasi hata moja iliyompa sababu ya kuilaumu pedi.