Njia ya Maji ya Kwenda Pangani

Juzi binti yangu alinionyesha ramani ya mito kwenye simu, nikasikia tena harufu ya spiriti kwenye mikono ya mama. Mama alikuwa nesi, mtu wa Pangani, pwani, aliyepangiwa zahanati ya Kemambo, huko Mara. Mchana mmoja, nikiwa mdogo, alirudi amechoka, akaloweka miguu kwenye beseni. Nje pikipiki zilinguruma kuelekea mgodini Nyamongo.

Nilivaa viatu vyangu vya Idi, nikamuuliza kama tunaweza kwenda kwa bibi, Pangani, kwa mtumbwi.

Alichovya kidole kwenye chai, akachora mezani. "Tutashuka na mto Mara mpaka ziwani. Pale hatukati katikati, kuna mawimbi. Tutaambaa na ufuko."

"Halafu?"

Alichovya kidole tena. "Halafu tumefika kwa bibi."

Nilimwamini. Sikujua kwamba maji yale huenda zake mpaka Misri, wala hayaijui bahari ya Pangani.

Jana nilimpigia. Amestaafu, na bado yuko hukohuko Kemambo.

"Mama, kumbe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu. Siku ile uhamisho wangu wa kurudi Pangani ulikuwa umekataliwa tena. Na wewe ulikuwa umeshavaa viatu."