Msiba Ulioandikwa Kwenye Barua

Wiki iliyopita amekufa mzee aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu huku Kasulo, enzi za vijiji vya ujamaa. Nimemzika. Waliniweka benchi la mbele, kama mnavyotuweka sisi wazee siku hizi, karibu na spika ili tusikie vizuri mnavyodanganya. Mchungaji akasema marehemu alipenda watoto. Diwani naye akasimama, akasema marehemu alipenda watoto. Mjukuu wake akasoma karatasi ndefu, na humo pia watoto. Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitoka chenyewe, na mke wangu akanifinya paja. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mzee mzima unacheka makaburini?" Nikamjibu, "Wewe ulikuwepo siku ile. Ulimsikia." Akaenda zake jikoni, maana ni kweli alikuwepo. Wanaonisoma hapa wanajua kwamba simsemi vibaya marehemu kabla hajazikwa. Huyu ameshazikwa.

Ninyi vijana mnaoamka na kwenda mnakotaka, itabidi niwaeleze. Wakati ule tulikuwa tumehamishwa kutoka vilimani, tukapangwa kwa mistari kama mahindi, kila nyumba ikitazama makalio ya nyumba ya mbele yake. Asubuhi watu wote walikwenda shamba la kijiji. Ukikutwa barabarani huna jembe wala barua, wewe ni mzururaji. Barua aliitoa mwenyekiti, na ndani yake palikuwa na mstari wa kuandika sababu ya safari. Kisha vikaja vita vya Kagera, na sisi mgambo tukaambiwa tujiandae, lori litakuja kutuchukua baada ya siku nne. Nilikuwa na watoto watatu. Wa kwanza, binti, alikuwa na miaka saba, wa pili wa kiume ana minne, na wa tatu alikuwa bado mgongoni kwa mama yake. Hao wawili wakubwa nilishawaahidi tangu mavuno kwamba nitawapeleka Rusumo wakaone maporomoko. Kila jioni yule wa kiume aliniuliza kama maji yale bado yanaanguka au yameshaisha. Nikaona siwezi kwenda vitani na ahadi hiyo mfukoni. Sikujua kama nitarudi.

Nikaenda ofisini kwa mwenyekiti. Alinizidi miaka miwili tu, lakini kiti kilimwongezea ishirini, kwa hiyo shikamoo ilikuwa lazima.

"Marahaba. Sema."

"Naomba barua, mwenyekiti. Nataka niwapeleke watoto Rusumo kesho."

"Huko kuna nani wenu?"

"Hakuna mtu. Kuna maji. Wakayaone kabla sijaondoka."

Akanitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe mwenye miguu mitano. "Maji? Kwani mke wako anateka nini pale kisimani, uji?"

"Nimewaahidi, mwenyekiti."

"Sasa niandike nini hapa kwenye sababu? Niandike watoto wanakwenda kushangaa? Sababu ninazozijua mimi ni ugonjwa, msiba, mbegu na wito wa serikali. Chagua."

Nikamwambia hakuna hata moja. Akafikiri, akalamba kalamu, akasema, "Basi msiba. Msiba hauulizwi." Akaandika polepole, ulimi nje, kwamba mimi na familia yangu tunakwenda Rusumo kumzika mjomba wa mke wangu. Akagonga muhuri. Tukacheka wote wawili, na mimi nikaipokea. Sijitoi kwenye lawama. Niliishia darasa la tatu, lakini msiba nilijua kuusoma.

Tuliondoka kunapambazuka. Mdogo wa kiume nilimweka kwenye bomba la baiskeli, dada yake kwenye keria amevaa gauni lake la Noeli, mama yao akitembea nyuma na mtoto mgongoni na ndizi za kuchoma kwenye kikapu. Watoto waliimba njia nzima. Ninawaambia ukweli, sijawahi kuwa na asubuhi kama ile, kabla wala baadaye. Tukafika kijiji cha mbele, gogo limelazwa barabarani, mgambo wanne wamesimama. Mkubwa wao akasoma barua, akavua kofia. "Poleni sana, ndugu."

Hapo ndipo tulipokosea, mimi na mwenyekiti wangu. Tulisahau kwamba kwetu huku msiba hauulizwi, lakini pia hauachwi upite mikono mitupu. Akaitwa mama mmoja, akaita wenzake, na kabla sijageuza baiskeli wamekuja wanawake sita, huyu na kuni kichwani, yule na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanatuambia hatuwezi kwenda kuzika peke yetu, watatusindikiza. Mmoja wao akamtazama binti yangu juu mpaka chini. "Mbona mtoto ana gauni la sikukuu?"

Mke wangu akajibu bila kupepesa jicho, "Marehemu ndiye aliyemnunulia." Yule mama akaanza kulia. Sijui hata alimlilia nani.

Mwanangu pale kwenye bomba akawatazama wanaolia, akanigeukia. "Baba, kwani maji yamekufa?"

Mkubwa wa mgambo akavaa kofia yake tena. "Marehemu anaitwa nani?" Nikataja jina la kwanza lililonijia, mke wangu naye akataja lake, kwa pamoja, na hayakufanana. Mbele yetu kulikuwa na mpaka, na mimi nilikuwa mgambo niliyeitwa vitani, ninaelekea mpakani na mke, watoto na kikapu cha chakula. Hata mimi ningejikamata kwa kutoroka vita.

Wakamtuma mtu akamwite mwenyekiti. Tulikaa juani hadi mchana ukageuka, watoto hawaimbi tena. Alipofika na baiskeli yake nikashusha pumzi. Alichotakiwa kusema ni maneno matatu tu: "Niliandika mimi mwenyewe." Badala yake akanitazama kama hanijui, akasema, "Huyu alikuja kwangu analia. Mimi nitajuaje kama machozi ni ya uongo?" Aliogopa, najua, wakubwa wa wilaya wasingemwacha. Lakini watoto wangu walikuwa wamekaa chini pale, wanamtazama, na wala hakuwaangalia. Huyo ndiye aliyependa watoto.

Sikurudi nyumbani. Nilipelekwa siku ileile Biharamulo, nikapandishwa lori, siku zangu tatu zilizobaki zikaliwa. Mke wangu alirudi na watoto kwa miguu. Nilipotoka vitani mwanangu alijificha nyuma ya mlango, akamuuliza mama yake huyu mgeni analala wapi. Habari ya maporomoko hakuna aliyeitaja tena ndani ya nyumba ile. Mwenyekiti alinipokea kwa ngoma na hotuba. Uongozi ule ulijua kuzika na kupokea, haukujua mtu anawezaje kutoka nyumbani kwake kwa furaha tu. Na ninyi wa leo msijisifu. Hakuna anayewaomba barua, mnawapeleka watoto kuona mto, halafu mnaupa mgongo mpige picha.

Siku ya pili baada ya mazishi binti yangu, ambaye sasa ana mvi zake mwenyewe, akaniambia, "Baba, msiba tunao wa kweli sasa. Twende." Tukapanda boda mbili, mimi, yeye, mama yake na wajukuu wawili. Hapakuwa na gogo barabarani. Tukasimama juu ya maji yale, yananguruma mpaka ardhi inatikisika, na wajukuu wakaziba masikio wanacheka. Mwanangu anaishi Biharamulo, mazishini hakufika. Nikampigia simu, nikaielekeza majini kwa muda mrefu, kisha nikaiweka sikioni. "Umesikia? Hayakufa."

Akaomba niielekeze tena majini. Kisha akasema, "Baba, huyu mwanangu wa mwisho yuko hapa, shule zimefungwa. Ila kazini sijui niwaambie sababu gani."

Nikamwambia amlete kesho, na huko kazini aandike kwamba mtoto anakwenda kuona maji.