Picha ya Mugambi na Kadi ya Arobaini

Nakumbuka Jumamosi moja ya soko, miaka michache baada ya uhuru, nilipombadilisha baba yangu mkubwa, marehemu, kwa kadi ya kifaru cha vita. Cheka kwanza, mwanangu, kisha usikilize.

Siku hizo pakiti ya chingamu ilikuwa na kadi ndani: askari na bunduki, ndege ya vita, meli yenye mizinga. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini kadi hizo nilizijua kuliko mwalimu alivyotujua sisi. Nilikuwa nazo thelathini na tisa. Iliyobaki ni ya kifaru, na alikuwa nayo Zainabu, binti wa mwenye bucha kule Majengo, karibu na soko. Mama akiuza ndizi sokoni Meru, mimi niko nyuma ya bucha nabembeleza.

"Leta kitu ambacho sina," Zainabu akaniambia. "Hao askari wako nimewachoka, wote wana sura moja."

Nyumbani kwetu Kanyakine, Babu alikuwa na mkebe wa majani chai. Ndani mlikuwa na picha moja tu, ndogo kama kadi: Mugambi, kifungua mimba wake, amevaa kofia ya jeshi. Alikwenda vita vya Burma akabaki huko. Hata kaburi hatulijui. Kila Jumapili tukitoka kanisani Babu aliitoa picha, akaipangusa, akampa Mugambi habari za nyumbani: mvua, ng'ombe, nani amezaa. Macho ya Babu yalikuwa yameshaingia ukungu. Nikajiambia, mzee haoni. Nikamchukua Mugambi, mahali pake nikaweka kadi ya askari, na Jumamosi hiyo nikampa Zainabu, nikarudi na kifaru. Ukiniuliza kama niliogopa, sikuogopa. Nilijiona mjanja sana.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya siku moja.

Jumapili Babu akafungua mkebe. Akapitisha kidole gumba pale pembeni, picha ilipokuwa imekunjika. Hakuna mkunjo. Akainusa.

"Kanana," akaniita. "Huyu ananuka sukari. Mwanangu yuko wapi?"

Hakunichapa. Afadhali angenichapa. Kesho yake akatafuta fundo la miraa lililofungwa kwa majani ya mgomba, maana kwetu huendi kumwomba mtu jambo zito bila hilo. Mkono mtupu haulambwi. Akanishika bega nimwongoze mpaka Majengo.

Mwenye bucha alipopokea lile fundo na kusikia shida yetu, alimwita binti yake kwa ukali. "Rudisha picha ya mzee sasa hivi."

"Tulibadilishana, Baba. Hata yeye alikuwa anacheka."

"Usimgombeze," Babu akasema. "Huyu alifanya biashara ya haki. Aliyetoa kisicho chake ni huyu wangu, na ataeleza kilikuwa nini."

Nikaeleza. Jina lake, Burma, kaburi tusilolijua. Mwanangu, ulimi wangu huu unaoogopwa na kijiji kizima ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Zainabu akaingia ndani, akatoka na picha ameifunga kwa kitambaa.

"Ungeniambia ni mtu," akasema. "Mimi nilidhani ni kadi."

Nikampa kadi zangu zote arobaini, hata ile iliyolala mkebeni, kifaru juu. Hakuna aliyeniomba. Babu akapapasa ule mkunjo, akatabasamu. "Umetembea sana, Mugambi," akamwambia. "Turudi nyumbani."

Sasa nasikia wewe huko Ruiri una boksi zima la kadi za wanajeshi, na unaitaka picha ya Mugambi ikae nao. Kusanya, sikukatazi. Mimi nilikuwa bingwa, na hakuna msichana wa Kanyakine aliyenifikia. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla hujabadilishana kitu, uliza kwanza kuna nani anakililia. Na ukikosea usimtume mtu: nenda kwa miguu yako, sema kwa mdomo wako, lipa kabla hujaombwa.

Picha nitakupa, ila haiingii kwenye boksi. Ina mkebe wake. Njoo Krismasi uuchukue, na kila Jumapili umpe Mugambi habari za nyumbani. Mungu akupe mikono inayojua cha kushika na cha kuachilia, nawe ukizeeka usikose mtu wa kukupangusa vumbi.